Upana wa Fremu

Meneja alipoingia sebuleni kwa mama yake na kutangaza kwamba picha ya baba itatiwa fremu, hakuna aliyemuuliza imekuwaje. Miaka yote picha ile ilikuwa imening'inia uchi juu ya kochi, kwa misumari miwili na kipande cha waya, na yeye hakuwahi kuinua macho kuitazama. Mama alisema ni jambo jema. Dada yake mshonaji, aliyekuwa ameinamia cherehani karibu na dirisha, naye alisema ni jambo jema, akaendelea kukanyaga.

Sababu walikuwa wanaijua wote. Binti wa Meneja alikuwa amepata mchumba, na mchumba mwenyewe alitoka kwa watu wanaojiweza, wenye duka la vifaa vya ujenzi na gari la kuletea mizigo lenye jina lao ubavuni. Watu hao walikuwa wanakuja kujitambulisha. Meneja hakutaka kuwapokea kwake, kwenye vyumba viwili alivyopanga jirani na mashine ya kusaga nafaka, ambako mgeni akitaka kusikika lazima apaaze sauti. Alitaka wapokelewe kwenye nyumba ya wazazi, yenye baraza, sebule pana na mama mzee anayejua kuketi kiheshima. Kilichokosekana, kwa maoni yake, ni kitu cha ukutani cha kuonyesha kwamba familia hii haikuokotwa.

Umeneja wenyewe ulikuwa wa kuazima. Zamani, kwenye ghala la magodoro alikofanya kazi, meneja wa kweli aliugua, na yeye akapewa funguo na kiti cha kuzunguka mpaka mgonjwa apone. Mgonjwa akapona haraka kuliko wengi walivyotarajia. Funguo zilirudi, kiti kikarudi, lakini jina likabaki, na mwenye jina hakufanya juhudi yoyote ya kulivua.

Picha aliichora marehemu baba yao, ambaye riziki yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka. Mwaka wa mwisho wa maisha yake alitandaza kipande cha turubai juu ya vipande vya mbao, akakusanya rangi zilizobaki kwenye makopo, akaichora familia yake. Kushoto alimweka mama ameketi kitini. Katikati akajichora yeye mwenyewe, akiwa mrefu kuliko alivyokuwa, na binti yake mshonaji amemwekea mkono begani. Kulia kabisa, pembezoni, akamsimamisha mtoto wake wa kwanza. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na anga nyingi, na chini ya miguu sakafu nyingi, maana mzee alizoea mabango, na bango lisilo na nafasi tupu halisomeki kwa mbali.

Meneja aliomba futi ya dada yake, apime. Mshonaji, ambaye tangu asubuhi hadi jioni kazi yake ni kupima watu, alisimama amsaidie kushika ncha. Meneja akamwambia akae tu, ashughulike na nguo za watu, hii ni kazi ya kiume. Akapanda juu ya kochi na viatu. Mama akatazama viatu, akatazama kochi, akavumilia kwa ajili ya wageni watakaokuja.

*

Fundi aliyechaguliwa alikuwa anajiita Msanii, na hakupenda kuitwa jina jingine. Meneja alipofika kwenye karakana yake na kuuliza kama huyu ndiye seremala anayesifiwa, mtu yule aliweka patasi chini taratibu, akamjibu kwamba seremala ni mtu anayetengeneza vitanda. Nyuma yake vitanda vilikuwa vimepangwa mpaka darini. Meneja aliviona, naye Msanii aliona kwamba vimeonekana, na tangu hapo wakaelewana vizuri, kama watu wawili wanaostahiana majina.

Mazungumzo yao mshonaji alikuja kusimuliwa na kila mmoja kwa upande wake, na masimulizi yote mawili yalifanana sana, isipokuwa pale penye kosa. Meneja alisema anataka fremu ya kuchongwa kwa mkono, mbao ngumu, maua na majani, na ndege kila kona. Msanii akasema ndege wanne ni kazi. Meneja akasema yeye halalamikii gharama, na kwa kweli siku hiyo hakulalamika. Alipoulizwa upana akautaja. Msanii akauandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Meneja alitaja upana wa picha. Msanii aliandika upana wa fremu, ukingo mpaka ukingo, maana mteja akija kuagiza fremu huzungumzia fremu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mmoja alikuwa meneja na mwingine alikuwa msanii, na maswali madogo kama hayo wote wawili waliona ni ya watu wadogo.

Halafu Meneja alirudi mara mbili kuangalia kazi inavyokwenda, na kila aliporudi aliona maua membamba. Akataka yaonekane tangu mlangoni. Msanii akayanenepesha. Na kwa kuwa ukingo wa nje ulikuwa umeshapangwa, maua yakanenepa kuelekea ndani.

*

Fremu ililetwa siku yenyewe ya wageni, asubuhi, imefungwa kwenye shuka. Msanii aliibeba mwenyewe kichwani. Alipoifunua pale sebuleni, mama aliyekuwa anachambua mchele aliacha. Mshonaji alisimama na sindano mdomoni. Ilikuwa nzuri, hilo halikuwa na ubishi. Mbao ilikuwa nyekundu iliyoiva, majani yamejikunja moja juu ya jingine, na ndege wa kwenye kona walikuwa na macho. Mama alisogea, akapitisha vidole juu ya ndege mmoja, akasema kwamba marehemu angefurahi.

Kisha wakaishusha picha ukutani, wakailaza ndani ya fremu, na picha ikakataa kuingia.

Msanii aliigeuza. Akaigeuza tena, kana kwamba picha huenda ikabadili mawazo. Akatoa futi yake, akapima, akakaa kitako sakafuni. Alieleza kwamba yeye kafanya alivyoambiwa. Mshonaji akamuuliza kwa nini hakuja kuiona picha kabla ya kukata mbao. Msanii akajibu kwamba daktari haendi kumtazama kila mgonjwa nyumbani kwake, jibu ambalo lilimridhisha yeye peke yake.

Kuipanua fremu kusingewezekana. Viungo vilikuwa vimeshikana kwa gundi, na vanishi ilikuwa ndiyo kwanza imekauka. Kilichowezekana ni kuipunguza picha. Turubai ni kitambaa, alisema Msanii, linakunjika. Atapunguza vile vipande vya mbao vya nyuma, ziada ya turubai ikunjwe ipelekwe mgongoni, ipigwe misumari midogo, kwisha. Hakuna kukata. Juu kuna anga na chini kuna sakafu, huko hakuna atakayelia. Lakini kwa upana walikuwa wanahitaji kukunja kama viganja viwili.

Wote watatu wakaitazama picha. Kushoto mama. Kulia Meneja.

"Tunaweza kugawana," Msanii alisema. "Kiganja huku, kiganja huku."

Mshonaji aliinama akaweka viganja vyake juu ya picha kupima. Mama alibaki na sikio moja. Kaka yake alibaki na pua na jicho, kama mtu anayechungulia nyumba ya watu.

"Nusu mtu ni mbaya kuliko hakuna," alisema.

Mama alisema basi wamkunje yeye. Alilisema hilo bila uchungu, huku vidole vyake vikiendelea kuokota mawe kwenye mchele. Yeye atakuwa amekaa hapo hapo chini ya picha kwa mwili wake, wageni watamwona mzima mzima, ana haja gani ya kuonekana mara mbili. Mshonaji alichukua simu akampigia kaka yake.

Meneja alikuwa kwa kinyozi. Alisikiliza nusu ya habari, akaanza kumlaani Msanii, kisha akakumbuka kwamba watu wa kwa kinyozi wanasikiliza, akashusha sauti na kuongea kimeneja. Fremu isiguswe. Hilo ndilo la kwanza. Wageni wale, kaka yao mkubwa ni mtu wa vifaa vya ujenzi, anaijua mbao akiiona.

"Sasa picha tuifanye nini, kaka?"

"Kunjeni."

"Tukunje wapi?"

"Popote, mdogo wangu. Watu hawatazami pembeni."

"Popote?"

"Nimesema popote. Mambo madogo kama hayo mnanisumbua mpaka kwa kinyozi?"

Simu ikakatika. Mshonaji alibaki ameishika. Mtu angemwuliza wakati ule anafikiria nini, angesema anafikiria muda. Ila ukweli ni kwamba alikuwa anafikiria mambo mengi ambayo hayakuwa na uhusiano na fremu. Alifikiria kochi lenye alama za viatu. Alifikiria usiku aliomwinua mama kitandani alipovunjika nyonga, na jinsi Meneja alivyokuja wiki ya pili na mfuko wa machungwa, akakaa mpaka chai ilipopoa, na majirani wakasema mama yule ana bahati ya mtoto wa kiume. Alifikiria kwamba wageni wakija leo, yeye ndiye atakayepika na kuosha, na kaka yake ndiye atakayepewa mikono ya pongezi.

"Kunja kulia," akamwambia Msanii.

Msanii alimtazama mama, kwa kuwa mwenye nyumba ni mama. Mama aliacha mchele.

"Baba yenu alipoichora mara ya kwanza, huyo hakuwepo," alisema. "Alituchora sisi watatu, akaweka brashi chini, akasema imeisha. Nikamwambia, una mtoto mwingine. Akasema, huyo yuko mbali, hata sura yake naanza kuisahau. Nikamwambia mtafutie nafasi. Ndiyo akambana hapo pembeni." Akarudisha macho kwenye mchele. "Sijui. Fanyeni upesi, wageni wako njiani."

Mshonaji ndiye aliyekunja. Msanii alikata mbao na kupiga misumari, lakini turubai kulivuta bila mkunjo ni kazi ya mtu wa vitambaa. Rangi ilitoa ufa mwembamba pale ilipopinda. Kaka yake akazunguka ukingo, akaenda nyuma. Picha iliingia kwenye fremu kama mkono kwenye glavu, na mshonaji alijisikia raha fulani ambayo hakuwa ameiomba, na ambayo hakutaka mama yake aione usoni mwake.

*

Wageni walikuja watano. Walikuwa watu wema, jambo ambalo Meneja hakuwa amejiandaa nalo. Baba wa mchumba alivua viatu mlangoni ingawa aliambiwa asivue. Mama wa mchumba alikwenda moja kwa moja kumshika mama mikono yote miwili na kumuuliza nyonga. Habari ya nyonga aliipata kwa bibi harusi mtarajiwa, ambaye muda huo alikuwa jikoni na shangazi yake, anavunja vikombe kwa wasiwasi.

Meneja alikuwa amevaa suti. Alichelewa kwa kinyozi, akaingia dakika chache tu mbele ya wageni, akaiona fremu kutokea mlangoni kama alivyokusudia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akageukia viti. Kwa muda wote ule picha ilikuwa mgongoni mwake.

Hakuhitaji kuitaja. Yule mkubwa wao, mtu wa vifaa vya ujenzi, hakumaliza hata chai. Aliinuka, akaisogelea fremu, akaigonga kwa kidole, akaunusa ukingo. Aliuliza mbao hii imetoka wapi. Aliuliza ndege hawa wamechongwa na nani. Wengine wakainuka pia, na kwa muda mrefu wageni wote walikuwa wamesimama mbele ya ukuta, watu wanazungumzia majani na vanishi. Mshonaji alisimama mlangoni na sinia, akisubiri. Hakuna aliyeuliza lolote kuhusu watu waliomo ndani. Baba yake, aliyewachora akiwa na pumu, alikuwa amesimama pale katikati ya maua, na watu wanasifia maua.

Basi mama wa mchumba ndiye aliyeona aibu kidogo, akaomba waelezwe hao ni nani. Meneja alisubiri ombi hilo tangu wiki ile ya kupima. Alijiweka vizuri mbele yao, mgongo ukutani, akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka, kama mtu anayeonyesha bidhaa anazozijua kwa moyo.

"Huyu ni mama yetu, kama mnavyomwona," alisema, na mkono ukasogea. "Huyu ni marehemu mzee, ndiye aliyechora kwa mkono wake. Huyu ni mdogo wangu, fundi wetu wa cherehani. Na huyu hapa mwishoni, mtoto wake wa kwanza..."

Kidole kiligusa mbao. Kilipapasa kidogo, kikapata ua, kikapata jani. Meneja akageuka.

Mshonaji aliyasubiri haya tangu asubuhi, na sasa yalipofika aliona sinia linamwelemea. Aliiona shingo ya kaka yake, iliyonyolewa vizuri siku ile ile, ikipanda rangi. Mkubwa wa wageni aliinama atazame, labda hakuona sawasawa, akainuka tena.

"Kwani wewe uko wapi hapo?" aliuliza mama wa mchumba, kwa nia njema kabisa.

Meneja alikohoa. Aliitazama fremu kwa muda, halafu akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anatazama magoti yake mwenyewe.

"Mimi," alisema, "ndiye niliyetengenezesha fremu."

Mkubwa wa wageni alilipima jibu hilo, akaanza kutikisa kichwa polepole. Akasema sasa ameelewa. Akawageukia wenzake, akawaambia hilo ndilo jambo analowaambia watoto wake kila siku na hawasikii, kwamba mkubwa wa nyumba hajiweki mbele, mkubwa anawashika wenzake wasianguke. Wenzake wakaitikia. Baba wa mchumba akasema amefurahi kuingia kwenye familia yenye adabu ya namna hii. Meneja alitabasamu kama mtu aliyekuwa amepanga iwe hivyo tangu mwanzo, na kabla chai ya pili haijamiminwa mambo ya vijana yalikuwa yamekubaliwa, na kilichobaki kilikuwa kutafuta tarehe.

*

Wageni walipoondoka, binti akaondoka nao kuwasindikiza. Meneja hakuondoka. Mshonaji alikusanya vikombe taratibu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ametayarisha maneno yake yote, kuanzia lile la kwa kinyozi. Kaka yake alikuwa amesimama mbele ya picha, koti la suti amelivua, anapitisha kidole ukingoni mwa fremu pale turubai lilipoingia.

"Umenikata?"

"Nimekukunja."

Aliitikia kwa kichwa. Maneno aliyoyatayarisha mshonaji yakabaki bila mahali pa kuanzia.

"Niko wapi sasa?"

"Nyuma."

Mama alisema kutoka kitini kwake kwamba wasije wakathubutu kuivunja ile fremu, yeye ameipenda, na hana nguvu za kuona vitu vizuri vikivunjwa. Meneja akajibu kwamba hakuna anayevunja. Alivua viatu, akapanda juu ya kochi, akaishusha picha kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri, dada yake akashika upande wa pili. Wakailaza juu ya meza kifudifudi.

Alikuwa pale nyuma, mzima, amesimama kando ya safu ya misumari midogo, mwembamba kwa jinsi alivyobanwa, mkono mmoja umeshuka na mwingine hauonekani. Uso ulikuwa wa kijana. Pua ilikuwa ya baba. Baba hakuwa na uhakika nayo, ilionekana kwamba ameifuta na kuichora tena, akaamua kuazima ya kwake. Meneja aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa wazi kwa dada yake, na yeye mwenyewe hakujaribu kuficha, kwamba alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza.

"Mimi sijawahi kuwa na shati la buluu," alisema hatimaye.

"Baba hakujua una mashati gani," mshonaji akamjibu, na sauti haikutoka na ukali aliokuwa ameukusudia. "Alikuwa na rangi ya buluu iliyobaki."

Meneja alikubali kwa kichwa. Alimwomba kitambaa, akafuta vumbi lililoshika kwenye lile shati na kwenye ule uso, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto. Halafu wakaiinua wote wawili, wakaitundika tena ilipokuwa, uso wa yule kijana wa shati la buluu ukielekea ukutani, na Meneja akashuka, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akamwelekeza dada yake ainyanyue kidogo upande wa kulia.